Barua ya Mwenyeji

Mashine ya alama za vidole ilimkataa Nathanaeli Haonga mara tano. Kijana wa ofisi ya uhamiaji Tunduma alimpangusa kidole gumba kwa kitambaa, akakikandamiza kwenye kioo, akatazama kompyuta, akatikisa kichwa.

"Mzee, vidole vyako vimefutika. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kutoboa miamba. Chingola, chini ya ardhi. Miaka thelathini na minane."

"Kapake mafuta, ukae dakika kumi, tujaribu tena."

Alirudi kwenye benchi. Mkewe Enesi alifungua mkoba, akatoa kikopo cha mafuta ya mgando, akaanza kumpaka kidole kimoja kimoja, taratibu, kama alivyowapaka wagonjwa maisha yake yote ya unesi. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akisubiri pasi yake alicheka na kusema bibi anamvisha babu pete. Benchi zima likacheka. Enesi hakugeuka. Alimaliza kidole cha kumi, akafunga kikopo.

Mara ya saba mashine ilikubali. Nathanaeli akaitwa dirishani kwa afisa aliyeitwa Tabita, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Tabita alifungua faili, akawa anagusa karatasi moja moja kwa ncha ya kalamu.

"Cheti cha polisi cha kwenu kipo. Barua ya pensheni ipo. Picha zipo. Sasa hapa, mahali unapoishi. Umeandika nyumba yako mwenyewe."

"Ndiyo. Nimeijenga mwenyewe."

"Kiwanja cha nani?"

"Cha baba yetu."

"Sasa hivi kiko kwa jina la nani?"

"La mdogo wangu, Zabron."

"Basi huyo ndiye mwenyeji wako. Wewe ni raia wa Zambia, mzee, hatuwezi kuandika kwamba una ardhi huku. Faili litarudishwa. Lete barua ya mwenyeji, ipitie kwa mtendaji wa kijiji, iseme kwamba anakupokea na ni nani kwako." Aligeuza kurasa za pasipoti. "Muhuri wako wa kuingilia umebakiza siku kumi na moja."

Nathanaeli aliinama karibu na tundu la kioo, akamwambia kwa Kinyiha kwamba yeye amezaliwa palepale Mbozi, kijiji cha juu ya Ruanda, kwamba aliondoka akiwa na miaka kumi na minne kumfuata mjomba wake migodini, kwamba karatasi za Zambia alizichukua kwa sababu bila hizo kazi isingekuwepo.

Tabita aliinua macho. Naye alikuwa wa Mbozi.

"Unakiongea vizuri sana, mzee," alisema. "Ulijifunzia wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma zaidi. Tabita alipoelewa alichokuwa ameambiwa, alishusha sauti. "Habari ya kurudishiwa uraia ina njia yake, nayo ni ndefu. Hapa umeomba ukaazi wa mstaafu. Tumalize hili kwanza."

*

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita, bati la kahawia, baraza ya saruji inayotazama mashamba ya kahawa. Nathanaeli aliijenga kwa miaka kumi na miwili akiwa Chingola. Fedha zilipita kwa Zabron, na Zabron akazigeuza tofali, mara nyingine zote, mara nyingine nusu. Hatua sitini chini yake ilisimama nyumba ya zamani, ambamo Zabron aliishi na mkewe Imelda, mtoto wao wa kiume Ferdinand, na shangazi yao Elina aliyekuwa amevuka miaka themanini na mitano.

Jioni ile walikula pamoja, ugali na maharage na majani ya maboga. Nathanaeli akaeleza habari ya barua.

"Barua tu?" Zabron alisema, akifinyanga tonge. "Hilo dogo, kaka. Kesho."

Kesho yake alikuwa na dawa ya kupulizia kahawa. Keshokutwa kulikuwa na msiba kwa jirani. Siku ya tatu mtendaji alikuwa ameitwa wilayani Vwawa. Nathanaeli hakumsumbua. Mtu mzima haombi kitu kimoja mara tatu kwa mdogo wake. Alikaa barazani akihesabu siku zake, na kila Zabron alipopita na baiskeli, waliulizana habari za mvua.

Siku ya nne Zabron alipanda na Imelda. Alikuwa amevaa koti lake la ibada, na Imelda alikuwa amejifunga kitenge kipya, kama watu waliokuja kuposa. Zabron akatoa karatasi iliyochapwa.

"Kaka, kabla sijaandika yangu, kuna hii yako. Ni utaratibu tu."

Nathanaeli alivaa miwani akasoma kwa sauti, polepole. "Mimi Nathanaeli Haonga, raia wa Zambia, nathibitisha kwamba sina nyumba, kiwanja, shamba wala mali yoyote isiyohamishika hapa kijijini, na kwamba nyumba ninayolala ni mali ya Zabron Haonga aliyeijenga kwa nguvu zake mwenyewe."

Akavua miwani.

"Kwa nguvu zake," Enesi alisema. Kiswahili chake alikijifunza ukubwani, na alikitamka kwa upole wa Kibemba hata alipokasirika. "Zabron, bati hizi zilivuka mpaka mimi nikiwa nimekaa juu yake kwenye lori. Tena mvua ilikuwa inaninyeshea."

"Shemeji, mimi sina neno na wewe. Serikali inasema mgeni hamiliki. Kama hamiliki, basi kuna ubaya gani kuandika kwamba hamiliki?"

"Kutomiliki ni jambo moja," Nathanaeli alisema. "Kwamba umejenga wewe ni jambo lingine."

Zabron aliweka kofia yake gotini. Kwa mara ya kwanza siku ile alizungumza bila kutabasamu. "Kaka, nikuulize. Baba alizikwa na nani? Mama alipopooza, miaka mitatu, nani alikuwa anamgeuza kitandani? Wewe ulituma hela. Na mimi nilikuwa naweka mikono. Hela zako nazikumbuka, nazishukuru. Lakini usije ukaniambia kwamba hapa tuko sawa."

Maneno yale yalikuwa na kweli ndani yake, na Nathanaeli aliijua kweli hiyo. Angekubali hata kuomba radhi, hapohapo, kama Imelda asingekuwa amesimama akitembea mle sebuleni, akipima dirisha kwa shubiri, akinong'ona namba.

*

Enesi ndiye aliyetoa wazo la kwenda moja kwa moja kwa mtendaji na shahidi. "Tafuta mtu aliyekuona ukizaliwa," alimwambia mumewe. "Mtu wa namna hiyo bado yuko hai, na yuko hatua sitini tu kutoka hapa."

Shangazi Elina ndiye aliyempokea. Alikuwa akiisimulia hadithi hiyo kila Nathanaeli alipokuja likizo: jinsi mtoto alivyotanguliza mkono, jinsi kitovu kilivyokatwa kwa utete. Alipoombwa kwenda ofisini hakusema ndiyo wala hapana. Alivaa viatu, akaomba mkono wa kushika.

Mtendaji, jina lake Damiano, alikuwa kijana mwenye meza kubwa kuliko chumba. Kabla ya kufungua daftari alisema kuna "ya wino", na Nathanaeli akatoa noti. Damiano akaipiga jicho, akanyamaza mpaka ikaongezwa ya pili, kisha akaziweka ndani ya Agano Jipya lililokuwa mezani. Wakati huo Zabron alikuwa ameshafika. Alisimama mlangoni, akiegemea mwimo, kofia mkononi.

"Bibi," Damiano aliuliza, "unamfahamu mzee huyu?"

Elina alimtazama Nathanaeli. Kisha akamtazama Zabron pale mlangoni. Kisha akatazama sakafu.

"Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

"Anasema ni mtoto wa kaka yako."

"Mtoto wa kaka yangu aliondoka akiwa mdogo. Huyu ni mzee. Simjui."

Damiano mwenyewe, ambaye mwaka uliopita alikula kuku barazani kwa Nathanaeli akimwita baba, alianza kupanga kalamu zake. Zabron aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia mahubiri mazuri, akaondoka.

Nathanaeli alimrudisha shangazi yake nyumbani kwa mkono uleule. Njia ilikuwa na matope na kila penye utelezi alimshika kiuno. Walipofika kwenye migomba Elina akasimama apumzike.

"Umenikana, shangazi," alisema. Hakuwa na hasira kwenye sauti. Alikuwa na mshangao tu.

"Ndiyo, nimekukana."

"Kwa nini?"

"Wewe unaomba kibali cha miaka mingapi?"

"Miwili. Kisha unaomba tena."

"Zabron haombi," kikongwe alisema. "Zabron yupo. Nikiugua usiku ni Imelda atanipa maji. Nikifa ni Zabron atachimba. Wewe siku hiyo utakuwa dirishani na karatasi zako." Aliufuta uso kwa ncha ya kanga. "Usinitazame hivyo. Mimi nimebakiza kula tu, mwanangu. Na chakula nakula kwake."

Siku ile Nathanaeli alitia sahihi karatasi ya Zabron. Aliitia sahihi kwenye meza ya kulia aliyoileta kutoka Chingola, Enesi akiwa amempa mgongo, akichambua mchele ambao haukuwa na kitu cha kuchambuliwa.

*

Barua ya mwenyeji ilitoka kesho yake ndani ya bahasha iliyogundishwa na kupigwa muhuri wa kijiji juu ya gundi. Damiano alisema ifunguliwe ofisini tu. Zikiwa zimebaki siku tano, Nathanaeli na Enesi walirudi Tunduma, wakapita kati ya foleni ya malori na wabadilisha kwacha, wakakaa kwenye benchi lilelile.

Tabita alichana bahasha, akasoma. Akarudia kusoma. Akashusha miwani kifuani.

"Mzee, mwenyeji wako anaitwa nani?"

"Zabron Haonga."

"Na wewe ni Haonga."

"Ndiyo."

"Ni nani kwako?"

"Mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Tabita aliigeuza barua, akaibandika kwenye kioo ili aione. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa tatu. *Mtajwa hapo juu ni rafiki yangu tuliyefahamiana kibiashara. Tumefanana jina la ukoo kwa bahati tu.*

Nyuma yake watu walikuwa wakisogea, mmoja akikohoa, mwingine akiuliza kama foleni imelala. Nathanaeli alisoma mstari ule mpaka herufi zikaacha kuwa maneno. Alifikiri anachosikia ni hasira, lakini hasira aliijua, aliibeba chini ya ardhi miaka mingi, ilikuwa na joto. Hiki kilikuwa baridi. Kilikuwa kinyaa, kama mtu aliyetafuna kitu gizani kisha mwanga ukawaka.

"Karatasi nyingine zote zimetimia," Tabita alisema kwa sauti ya chini. "Mimi sikai kijijini kwenu, sijui mambo yenu. Nakuuliza kama inavyonipasa. Yaliyoandikwa humu ni kweli? Ukisema ni kweli, napokea faili leo. Ukisema si kweli, siwezi kuipokea barua hii, na muda wako unauona."

Nathanaeli aligeuka kumtazama mkewe. Enesi alikuwa ameketi wima, mkoba magotini. Hakumpa ishara yoyote.

"Si kweli," alisema.

Tabita akazikusanya karatasi zote, akazinyoosha kingo, akazirudisha kwenye faili moja baada ya nyingine. "Pole, mzee," alisema.

*

Walimkuta Zabron akitandaza kahawa kwenye kichanja cha kuanikia. Nathanaeli hakuketi.

"Nimekuja kuomba neno moja," alisema. "Nyumba umeichukua, nimetia sahihi, sirudi nyuma. Shamba sikulitaja na sitalitaja. Toa hilo rafiki, weka ndugu. Neno moja tu, Zabron."

Zabron aliendelea kuchagua punje mbovu na kuzitupa pembeni.

"Kaka, neno hilo ndilo shamba lote."

"Vipi?"

"Nikikuandika ndugu kwenye karatasi ya serikali, leo unapata ukaazi. Kesho unaomba kurudishiwa uraia, na utapewa, maana ushahidi nimeuandika mimi mwenyewe. Keshokutwa binti yako Faith anatoka Lusaka na mwanasheria, anasema nusu ya kahawa ya babu. Nimeuliza watu. Wameniambia."

"Mimi nimekwambia hivyo?"

"Hujaniambia. Lakini utakufa, na waliobaki hawatakuwa na aibu kama yako."

"Kwa hiyo unanijua kwamba nina aibu."

"Ninakujua vizuri, kaka," Zabron alisema, na hapo akainua uso. Macho yake yalikuwa na maji. Hilo ndilo lililomchafua Nathanaeli kuliko yote, kwamba machozi yalikuwa ya kweli na mikono ilikuwa inaendelea kuchagua kahawa.

Siku mbili kabla ya muhuri kwisha, lori lilikuja kuchukua vyombo. Meza, vitanda, friji, cherehani ya Enesi. Watu wa kijiji waliokuja kusaidia kubeba walikuwa wachache. Shangazi Elina hakutoka ndani. Imelda alisimama sebuleni tangu asubuhi, akihakikisha hakuna kitasa kinachofunguliwa. Enesi alipopanda kiti kuteremsha mapazia, Imelda akasogea.

"Shemeji, hayo si ungeyaacha? Yamepimwa kwa madirisha haya haya."

Enesi aliteremsha pazia la mwisho, akalikunja mara nne, akalipigapiga vumbi. "Pazia ni mali inayohamishika, Imelda," alisema. "Karatasi yenu imesema zile zisizohamishika tu."

*

Walipanga vyumba viwili Nakonde, upande wa Zambia, ng'ambo ya barabara tu, mahali ambapo mtu akisimama mlangoni anasikia wapiga debe wa Tunduma. Enesi alipata kazi ya kuchoma sindano kwenye duka la dawa. Nathanaeli alinunua bustani ndogo ya vitunguu, na alipoulizwa na majirani anatoka wapi, alisema Chingola.

Mwezi wa tano Zabron alivuka mpaka na Ferdinand na gunia la maharage. Alikaribishwa, kwa sababu hakuna mtu anayefukuzwa akiwa ameshafika mlangoni. Enesi akampa chai kwenye kikombe cha bati. Zabron alisifia chumba, akasifia vitunguu, akasema kahawa mwaka huu imezaa vizuri mno. Nyumba ya juu alikuwa ameipangisha kwa walimu. Alilitamka hilo haraka, katikati ya habari nyingine.

Kisha akatoa karatasi mfukoni mwa koti.

"Kaka, kijana amepata mtu wa kumwingiza mgodini, kule Solwezi. Kibali cha kazi kinataka barua. Wanataka ndugu wa damu aliye raia wa huku, amdhamini."

Enesi alisimama akaenda uani. Mlango wa uani ulifungwa taratibu sana.

Nathanaeli aliitazama karatasi. Akamgeukia Ferdinand, kijana wa miaka ishirini na sita, mrefu, aliyekuwa akitazama viatu vyake tangu aingie. "Mimi ni nani kwako?"

"Baba mkubwa," kijana alisema, bila kuinua kichwa.

"Na kwako, Zabron?"

"Kaka, yale tuliyaacha kule. Tusirudi huko."

"Nimekuuliza."

Zabron alikizungusha kikombe mezani. Alitazama mlango, akatazama gunia. "Kaka yangu," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayelipa deni kwa sarafu ndogondogo.

Nathanaeli akavuta karatasi, akavaa miwani, akaandika. *Ferdinand Haonga ni mtoto wa mdogo wangu wa kuzaliwa naye, baba mmoja na mama mmoja.* Akaandika jina lake lote, namba ya kitambulisho, anuani. Barua akampa kijana mkononi. Maharage aliyakataa. Zabron alibishana kidogo kwa adabu, kisha akaliinua gunia begani mwake mwenyewe, wakaondoka kuwahi mpaka.

Enesi alirudi ndani. Alikichukua kikombe cha Zabron, akakiosha kwa sabuni, akakinusa, akakiosha tena kwa majivu.

"Umeandika," alisema.

"Nimeandika."

"Yote?"

"Yote, Mama Faith. Ni kweli."

Enesi aliendelea kusugua kikombe kilichokwisha kutakata. Nathanaeli alibaki mezani, akiitazama kalamu. Alikuwa anaona kinyaa, na alitaka kinyaa hicho kiwe cha Zabron peke yake, lakini hakikuwa hivyo. Alikuwa ameandika haraka mno. Mkono haukusita hata mahali pamoja. Uliandika kama mkono wa mtu aliyekuwa amekaa miezi yote ile akisubiri kuombwa.